Ufugaji wa chura wa Kihansi

Ufugaji wa chura wa Kihansi ni kazi ya kuwatunza, kuwazalisha na kuwalisha vyura wa spishi Nectophrynoides asperginis ndani ya matangi ya kioo. Kazi hii ilianza mwishoni mwa mwaka 2000, baada ya makazi ya asili ya vyura hao nchini Tanzania kupoteza sehemu kubwa ya maji yake. Mwaka 2009 spishi hii ilitangazwa kuwa imetoweka porini. Wakati huo vyura wote waliojulikana kuwa hai duniani waliishi matangini, katika bustani mbili za wanyama nchini Marekani. Mwaka 2012 kundi kubwa la vyura waliozaliwa matangini lilirudishwa katika korongo la Kihansi.

Sehemu ngumu kuliko zote katika kazi hiyo ni kuwalisha watoto. Chura wa Kihansi huzaliwa akiwa chura kamili mwenye urefu wa milimita 5 hivi, hanyonyi wala haletewi chakula na mama yake, naye huanza mara moja kuwinda wadudu wasiozidi punje ya ulezi kwa ukubwa. Wadudu hao wakikosekana kwa siku chache tu, watoto hufa. Mengi yaliyofahamika katika ulezi wao yanafaa pia kwa vyura wa kawaida, kwa mfano wale wa wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, ingawa hao hupitia kwanza hali ya kiluwiluwi.

Spishi na makazi yake

Chura wa Kihansi ni mmoja wa spishi ndogo za familia Bufonidae. Jike hufikia milimita 29 na dume milimita 19. Rangi yake ni njano ya dhahabu, mara nyingi yenye mistari ya kahawia ubavuni, lakini watoto huzaliwa wakiwa na rangi nzito zaidi. Hana ngoma ya sikio inayoonekana kwa nje.

Jenasi Nectophrynoides ina spishi zaidi ya 10, na zote zinapatikana Tanzania peke yake. Tofauti na vyura walio wengi, mayai yao hutungishwa ndani ya mwili wa jike, na katika spishi hii watoto hukua humo hadi wawe vyura kamili. Mwanazoolojia Mjerumani Gustav Tornier alieleza jambo hilo kuhusu vyura wa Tanzania mwaka 1905, nalo liliwashangaza wataalamu wa wakati ule, kwa maana ilidhaniwa kwamba kila chura hutaga mayai. Ngozi ya tumbo la chura wa Kihansi ni nyepesi kiasi kwamba watoto waliokaribia kuzaliwa huweza kuonekana kwa nje. Jike huzaa watoto 5 hadi 13 kwa mara moja.

Makazi yake ni madogo mno. Mto Kihansi hushuka kutoka safu ya milima ya Udzungwa, mpakani mwa mikoa ya Iringa na Morogoro, ukiporomoka zaidi ya mita 800 ndani ya kilomita chache. Maji yalipokuwa yakijipiga kwenye miamba yalirusha manyunyu mchana na usiku, na manyunyu hayo yalikuza mbuga ndogo zilizofunikwa na zulia la mmea unaotambaa uitwao Selaginella kraussiana. Ndani ya zulia hilo ndimo vyura waliishi, katika eneo la hekta 2 hivi kwa jumla. Ni mnyama mwenye uti wa mgongo ambaye nchi yake yote ingeenea katika viwanja vichache vya mpira.

Kutoka korongoni hadi matangini

Chura huyu aligunduliwa mwaka 1996, wakati ujenzi wa mradi wa umeme wa Kihansi ya Chini ulikuwa umekwisha kuanza. Maelezo yake ya kisayansi yalitolewa na Poynton, Howell, Clarke na Lovett. Kim Howell alikuwa mwalimu wa zoolojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mradi huo, uliogharamiwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine, ulikuwa na uwezo wa megawati 180, nao ulihitajika sana katika nchi iliyokuwa ikipata mgawo wa umeme kila mvua zilipopungua. Ili kuzungusha mitambo, maji ya mto yaliingizwa katika njia ya chini ya ardhi juu ya maporomoko. Korongoni ilibaki takriban sehemu moja ya kumi ya maji ya awali, na manyunyu yakakoma karibu kabisa.

Mwishoni mwa mwaka 2000, kwa makubaliano na serikali ya Tanzania, vyura 499 walikusanywa na kusafirishwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York. Baadhi yao na watoto wao walipelekwa baadaye katika bustani nyingine za Marekani. Huku nyuma, mabomba yenye vinyunyizio yalitandazwa korongoni ili kuiga manyunyu ya maporomoko. Mwanzoni yalifanya kazi vizuri, na hesabu ya Juni 2003 ilikadiria vyura 20,000 hivi. Kisha idadi yao ikaporomoka. Januari 2004 watafiti waliwaona watatu tu na kuwasikia madume wawili wakilia, na baada ya mwaka 2005 hakuna aliyeonekana tena.

Katika vyura waliokufa ilikutwa kuvu ya Batrachochytrium dendrobatidis, ambayo imeua amfibia katika mabara mengi. Kukauka kwa makazi na dawa za kilimo zilizokuwemo katika matope ya bwawa vimetajwa pia kama sababu, na wataalamu hawajakubaliana kuhusu uzito wa kila moja. Hata hivyo matokeo yake yalikuwa wazi: matangi, yaliyofikiriwa kuwa akiba tu, yalikuwa sasa ndiyo makazi pekee ya spishi.

Akiba hiyo nayo ilikaribia kwisha. Vyura waliofika Marekani walikufa kwa wingi katika miaka ya kwanza, kwa minyoo ya mapafu, maambukizi na upungufu wa lishe, hadi walipobaki 70 hivi. Bustani nyingine zilipoteza vyura wao wote. Waliosalia walikuwa Bronx na katika bustani ya Toledo, jimbo la Ohio. Kutoka kwa hao 70 ndipo walipatikana maelfu ya vyura waliokuwepo mwaka 2010.

Tangi

Tangi la chura wa Kihansi ni sanduku la kioo lenye mfuniko wa wavu mwembamba sana. Kinachohitajika ndani yake ni manyunyu, wala si maji ya kuogelea. Pampu husukuma maji katika midomo myembamba ya kunyunyizia mara nyingi kwa siku, na sakafu ya tangi hutobolewa au huinuliwa juu ya changarawe ili maji yatoke yasituame. Maji machafu yaliyotuama huwa na amonia inayopenya ngozi ya chura, kwa sababu chura hanywi kwa mdomo bali hufyonza maji kwa ngozi, hasa ya tumbo na mapaja.

Kwa sababu hiyohiyo maji ya bomba hayafai bila kutayarishwa. Klorini huondoka maji yakiachwa wazi kwa siku nzima, lakini kloramini, ambayo hutumiwa na baadhi ya mamlaka za maji, haiondoki hivyo na huhitaji chujio la mkaa maalumu au dawa ya kuivunja. Maji yaliyosafishwa mno nayo huleta matatizo, maana huvuta chumvi kutoka mwilini mwa mnyama, na kwa hiyo hurudishiwa kiasi kidogo cha madini.

Mimea inayotambaa na majani mapana huwapa watoto mahali pa kujificha na kuwinda. Joto la wastani lisilobadilikabadilika ndilo linalofaa, kwa kuwa korongo la Kihansi halikuwa na joto la pwani. Taa zinazotoa miale ya urujuanimno huwekwa juu ya wavu, si juu ya kioo, kwa sababu kioo huzuia miale hiyo.

Mara nyingi watoto hutengwa na wakubwa. Katika tangi la pamoja wakubwa humaliza wadudu kabla ya watoto kupata, na mtunzaji hawezi kujua ni mtoto gani hajala. Katika tangi dogo lenye watoto wa rika moja kila mmoja anaweza kuhesabiwa, na aliyekonda anaonekana mapema.

Chakula cha watoto

Chura hutambua chakula kwa mwendo. Mdudu aliyekufa, hata akiwekwa mbele ya mdomo, kwa kawaida haliwi. Kwa hiyo mtu anayefuga vyura hulazimika kufuga pia wadudu hai, na kwa muda mwingi wa siku kazi yake ni ya wadudu kuliko ya vyura. Kanuni ya ukubwa inayotumiwa na wafugaji wengi ni kwamba mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya chura. Kwa mtoto wa milimita 5 nafasi hiyo ni karibu milimita moja au mbili, na wadudu wa namna hiyo ni wachache.

Wa kwanza ni mikia-fyatuo, wadudu wasio na mabawa wenye urefu wa milimita 1 hadi 2, wanaoishi katika udongo na majani yanayooza. Hufugwa katika kopo lenye vipande vya mkaa na maji kidogo chini, na hulishwa hamira au punje chache za wali. Kopo likigongwa juu ya tangi, mamia huanguka kwa mara moja. Faida yao kubwa ni kwamba wanaweza kuishi ndani ya tangi lenye unyevu, wakila kuvu na mabaki, hivyo mtoto anaweza kula saa yoyote hata kama mlishaji hayupo. Kasoro yao ni kwamba huongezeka polepole, na kopo lililovunwa kupita kiasi huchukua wiki kadhaa kurudia hali yake.

Wa pili ni inzi wa matunda, Drosophila melanogaster, wale wanaozunguka ndizi zilizoiva sana. Wana urefu wa milimita 2.5 hivi, na katika joto la sentigredi 25 huhitaji siku 10 hadi 12 kutoka yai hadi inzi kamili. Wafugaji hutumia aina zisizoweza kuruka, zilizopatikana katika maabara kwa kuchagua inzi wenye kasoro za mabawa, kwa sababu inzi anayeruka hutoka tangini kabla chura hajamwona. Chakula chao ni uji mzito wa ndizi au unga uliotiwa hamira, ndani ya chupa iliyofunikwa kwa kitambaa. Chupa mpya huanzishwa kila wiki. Chupa zikianzishwa zote siku moja, inzi wote hutoka pamoja kisha hufuata siku kadhaa bila chakula, na kwa watoto wa vyura siku hizo ni nyingi.

Wa tatu ni nyenje waliotoka kwenye yai siku hiyohiyo au jana yake, ambao huwa na milimita 1 hadi 2. Nyenje hukua haraka, na baada ya wiki moja huwa wakubwa mno kwa mtoto yuleyule aliyewameza jana juzi. Nyenje wasioliwa huondolewa jioni, maana wakiwa na njaa huweza kutafuna ngozi ya vyura waliolala. Fukusi wa kunde na vidukari hutumiwa pia na wafugaji wa vyura wadogo ili kubadilisha mlo, mradi vidukari wasitoke katika shamba lililopuliziwa dawa.

Watoto hulishwa kila siku, kidogo kidogo, ikiwezekana zaidi ya mara moja. Chura mzima anaweza kukaa siku bila kula akabaki na afya, lakini mtoto hana akiba ya mafuta mwilini.

Madini na vitamini

Wadudu wa kufugwa hushibisha lakini mlo wao haukamiliki. Inzi wa matunda na nyenje wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, wakati mifupa inayokua huhitaji kinyume chake. Mtoto anayelishwa wadudu hao peke yao huonekana mnene kwa wiki kadhaa, kisha miguu yake hupinda, taya hulegea, na mwishoni hutetemeka na kushindwa kulenga mawindo. Ili kuzuia hali hiyo, wadudu hutikiswa ndani ya kopo lenye unga laini wa kalsiamu kabono na vitamini D3 hadi wawe weupe, na hutolewa papo hapo, kwa sababu mdudu hujisafisha na kuuondoa unga huo kwa muda mfupi. Chura anaweza pia kujitengenezea vitamini D3 katika ngozi akipata miale ya urujuanimno.

Vitamini A ilichelewa kueleweka. Katika vyura wa Wyoming, spishi nyingine ya Marekani iliyookolewa kwa ufugaji, watunzaji waliona wanyama wakirusha ndimi mara nyingi bila kumnasa mdudu. Uchunguzi ulionyesha kwamba tezi za ulimi zinazotoa ute wa kunatia zilikuwa zimebadilika kwa kukosa vitamini A. Chura wa namna hiyo hufa kwa njaa akiwa amezungukwa na chakula. Kwa hiyo, katika kuchunguza watoto wanaokonda, mtunzaji hatazami tu kama wadudu wapo bali kama wanaliwa. Wadudu wenyewe nao hulishwa vyema kwa siku moja au mbili kabla ya kutolewa, kwa mboga za majani, karoti au unga wenye virutubisho, kwa kuwa kilichomo tumboni mwa nyenje huingia tumboni mwa chura.

Magonjwa

Kuvu ya Batrachochytrium dendrobatidis ilielezwa kisayansi mwaka 1999. Mbegu zake huogelea majini na hushambulia sehemu za ngozi zenye keratini. Viluwiluwi huwa na keratini mdomoni tu, na mara nyingi huishi na kuvu hiyo bila dalili kubwa. Hufa baada ya kugeuka vyura, ngozi yote inapokuwa ngumu. Kuvu hiyo hustawi kati ya nyuzi 17 na 25 za sentigredi, na manyunyu ya Kihansi yalikuwa na unyevu na ubaridi unaoifaa. Vyura wa matangini walioambukizwa huweza kutibiwa kwa kuogeshwa katika dawa ya itrakonazoli iliyopunguzwa makali, lakini hakuna njia ya kutibu korongo zima.

Kinga ndiyo inayotegemewa. Kila chumba huwa na viatu, glovu na vyombo vyake, maji yanayotoka matangini hutiwa dawa kabla ya kumwagwa, na vyura wa Kihansi hawachanganywi na spishi nyingine. Minyoo ya mapafu huingia kwa njia ya sakafu chafu: mabuu yao hutoka katika kinyesi na kupenya ngozi ya chura. Kubadilisha sakafu ya tangi mara kwa mara huvunja mzunguko huo.

Vyura wa kawaida wa Tarime na Serengeti

Msomaji ambaye hajawahi kufika Udzungwa anaweza kulinganisha hayo na chura anayemwona nyumbani. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, zinazotenganishwa kwa sehemu kubwa na mto Mara, chura anayejulikana zaidi ni Sclerophrys gutturalis, mnyama mnene wa kahawia mwenye vinundu mgongoni, ambaye hukaa usiku chini ya taa za nyumba akisubiri wadudu waanguke. Spishi hii ya familia Bufonidae imeenea kutoka Afrika ya Mashariki hadi Afrika Kusini, na mwaka 1922 ilipelekwa hata kisiwa cha Mauritius kwa matumaini kwamba ingemaliza wadudu wa miwa.

Uzazi wake ni kinyume kabisa cha ule wa Kihansi. Mvua zinapojaza vidimbwi, madume hukoroma pamoja usiku kucha, na jike mmoja hutaga maelfu ya mayai meusi katika nyuzi ndefu za ute zinazozungushwa kwenye majani ya majini. Mkakati huu hautegemei matunzo bali wingi: ni wachache sana kati ya maelfu hayo wanaofika kuwa vyura wazima. Chura wa Kihansi, anayezaa watoto wasiozidi 13 hivi, hawezi kuvumilia hasara kama hiyo.

Viluwiluwi wa chura wa kawaida hukwangua mwani na mabaki ya mimea, na katika beseni la darasani hula majani ya mchicha yaliyochemshwa. Hatari huja katika siku za kugeuka. Miguu ya mbele inapotoka, mnyama huacha kula na huishi kwa kuyeyusha mkia wake mwenyewe, na mapafu huanza kuchukua nafasi ya matamvua. Kama chombo kina kuta wima na hakuna jiwe au mchanga wa kupandia, huzama katika maji yaleyale alimokulia. Tangi la siku hizo huinamishwa ili upande mmoja uwe mkavu, na maji hupunguzwa kidogo kidogo.

Mkia ukiisha, chura mdogo huyo, mwenye urefu wa sentimita 1 hivi, huwa katika hali ileile ya mtoto wa Kihansi: anahitaji wadudu hai, wadogo, kila siku. Porini hula utitiri, sisimizi wadogo na mikia-fyatuo. Nyumbani hupewa inzi wa matunda waliovutwa kwa ganda la ndizi, vidukari, na wadudu wanaopatikana kwa kukung'uta majani makavu juu ya karatasi nyeupe. Mchwa vibarua hufaa wakiwa wachache, lakini si kila siku, kwa sababu wana kalsiamu kidogo. Ukuaji huwa wa kasi, na ndugu wanaozidiana huwekwa mbali, maana mkubwa hujaribu kummeza mdogo.

Vyura hao wana tezi nyuma ya macho zenye sumu inayoweza kuumiza macho na mdomo. Kuwagusa hakuleti sugu mikononi kama inavyosemwa mara nyingi, lakini mikono huoshwa kabla na baada: kabla, kwa sababu sabuni, mafuta na dawa ya mbu hupenya ngozi ya chura; baada, kwa sababu ya sumu na bakteria. Wanyama wa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambayo inachukua sehemu kubwa ya wilaya yenye jina hilo, hawaruhusiwi kuchukuliwa. Wale wa vidimbwi vya vijijini, wakikusanywa kwa masomo, hurudishwa palepale walipotolewa, wala maji ya tangi hayamwagwi katika kidimbwi kingine au mtoni. Kuvu iliyowamaliza vyura wa Kihansi husafiri kwa ndoo, buti na nyavu kwa urahisi uleule inavyosafiri kwa vyura wenyewe.

Kurudi Tanzania

Agosti 2010 vyura 100 kutoka Bronx na Toledo waliletwa Dar es Salaam na kuwekwa katika kituo kilichojengwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, baada ya watunzaji wa Kitanzania kupata mafunzo katika bustani hizo mbili. Kituo kingine kilijengwa Kihansi kwenyewe. Dar es Salaam ni mji wa joto, kwa hiyo chumba cha vyura lazima kipozwe na pampu za manyunyu ziendeshwe kwa umeme bila kukatika. Ni kinaya kisichokwepeka kwamba gridi inayotoa umeme huo hulishwa pia na mitambo ya Kihansi.

Baada ya majaribio ya vyura wachache, tarehe 30 Oktoba 2012 vyura 2,000 waliachiwa korongoni, chini ya vinyunyizio vilevile vilivyofungwa zaidi ya miaka 10 kabla. Ilikuwa mara ya kwanza kwa amfibia aliyetangazwa kutoweka porini kurudishwa katika makazi yake ya asili. Makundi mengine yamefuata tangu hapo.

Hali ya kisheria na ulinzi

Vyura wote wa jenasi Nectophrynoides wamo katika Kiambatisho cha I cha Mkataba wa CITES, kinachokataza biashara ya kimataifa ya wanyama hao. Hawafugwi kama wanyama wa nyumbani, na matangi yao ni ya taasisi zilizoidhinishwa peke yake. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira limesimamia kazi za hifadhi korongoni, na wanaoingia humo hutakiwa kusafisha viatu na vifaa kwa dawa.

Kurudishwa korongoni hakujamaliza kazi ya matangi. Kuvu haijaondolewa katika mazingira, na vinyunyizio vinahitaji kuzibuliwa na kukarabatiwa wakati wote. Kwa hiyo makundi ya Dar es Salaam, Kihansi na Marekani yaliwekwa kama akiba hata baada ya mwaka 2012, na kila kundi huhitaji chupa mpya za inzi wa matunda kila wiki.